Jina Letu mu Kitabu cha Parokia: Historia ya Cheti cha Batizo kule Masisi na Walikale



Marafiki wafadhili walituuliza swali ambalo tunaliona la haki. Walisema: tuliwapa mabache, tuliwapa mbegu za maharagi na majembe, na sasa mnaomba nauli ya pikipiki ili watu waende kutafuta kartasi ya batizo? Siku ile hatukuwa na jibu fupi. Jibu lake ni historia, na ni ndefu kidogo, njo maana tumeiweka hapa.

Kwa wazee wetu wengi, mtu wa kwanza kuandika jina la mtoto mu kitabu hakuwa serkali. Alikuwa padri, ao katekista aliyemletea padri orodha. Serkali ya Wabelgiji ilikuwa na vitabu vyake, lakini iliwatafuta kwanza wanaume wazima, juu ya kodi na kazi. Mwanaume alipewa kipande. Mke wake na watoto wake walionekana nyuma yake kama hesabu tu. Kwa padri haikuwa hivyo. Mtoto wa siku tatu, bibi kizee anayekaribia kufa, kijana anayetaka kuoa, kila mmoja alipata mstari wake. Kwa hiyo mwanamke wa Masisi aliyezaliwa wakati wa ukoloni, kama ana kartasi yoyote ya wakati ule, mara nyingi ni ile ya batizo.

Mapadri Weupe, wale walioanzishwa na Kardinali Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifungua misioni ya Nyundo, upande wa Rwanda, mwaka 1901. Katika miaka iliyofuata misioni zao zilijengwa pia upande wetu wa Kivu. Parokia ambazo wanachama wetu wanazitaja kila siku, Masisi, Nyakariba, Matanda, Mweso, zote ni matunda ya kazi ile. Sheria ya Lavigerie ilikuwa kali: mtu mzima hakubatizwa haraka. Alipaswa kufundishwa miaka minne, miwili ya kwanza kama mtu anayeomba, miwili mingine kama mkatekumeni. Wazee wetu walitembea na medali shingoni muda huo wote, na waliyakumbuka maswali ya katekismu mpaka uzeeni. Mtu akishahangaika hivyo miaka minne, haisahau tarehe ya batizo yake. Tarehe ya kuzaliwa, hiyo wengi hawakuijua, na padri aliandika mwaka kwa kukadiria. Njo maana unakuta muzee mwenye siku kamili ya batizo na mwaka wa kuzaliwa wa kubahatisha. Tusiwacheke, na tusiwaite waongo pale kipande kinaposema mwaka mmoja na kitabu cha parokia kinasema mwingine.

Ni kitu gani kinaandikwa mule? Sheria ya Kanisa Katoliki, ile ya 1983 inayotumika leo, katika kanuni ya 877 inamwagiza paroko aandike bila kukawia: jina la mbatizwa, yule aliyebatiza, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama walikuwako, mahali na siku ya batizo, na tena siku na mahali pa kuzaliwa. Pembeni mwa mstari kunaachwa nafasi. Tangu 1908, kwa amri ya Roma iliyoitwa Ne Temere, ndoa ya mtu inaandikwa pembeni mwa batizo yake, na baadaye kipaimara pia. Maana yake ni hii: ukifunga ndoa Kampala ao Kigali, padri wa kule anapaswa kutuma habari kwenye parokia uliyobatizwa, hata kama ni Matanda na barabara imekatika. Kitabu kinabaki pale pale, na maisha yako yanakifuata.

Hapo njo jibu la lawama tunayoisikia sana. Mtu anarudi kutoka kambini, anaenda kwa parokia anakoishi sasa, sekretere anamwambia: "Wewe hukubatizwa hapa, rudia kule ulibatizwa." Mtu anakasirika, anafikiri anafukuzwa. Hafukuzwi. Cheti kinatolewa na kitabu kile kimoja, na kitabu kile kiko mahali pamoja. Parokia nyingine inaweza kukuandikia barua ya kukuombea, lakini haiwezi kukupa kitu isichokuwa nacho.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapo njo wengi wanapotea.

Vitabu vya zamani viliandikwa mara nyingi kwa Kilatini. Yosefu ni Josephus, Petro ni Petrus, Yohana ni Joannes. Jina la nyumbani liliandikwa jinsi mzungu alivyolisikia. Padri Mbelgiji aliweka sauti ya "u" kwa "ou" ao kwa "u", na sauti ya "ch" kwa "tsh" ao "tch". Angalieni tu mji wetu mmoja: Kichanga, Kitchanga, Kitshanga, zote tatu mtazikuta mpaka leo kwenye kartasi za serkali na za mashirika. Kama mji mzima umeshindwa kuandikwa namna moja, itakuwa aje kwa jina la mtoto wa Kihunde ao wa Kinyanga lililosikiwa mara moja tu, mtoto akiwa analia? Ukimwambia sekretere atafute jina kwa herufi moja tu, atakuambia halipo. Mwombe aangalie na zile nyingine.

Kisha ikaja otentisite. Mwezi wa 10 mwaka 1971 nchi ikawa Zaïre. Mwanzoni mwa 1972 Mobutu akaacha jina lake la Joseph-Désiré, na wananchi wote wakaamriwa waache majina ya kizungu. Padri aliyebatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishwa kifungo cha miaka mitano. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, ikabidi akae Roma kwa miezi. Watu wazima walioitwa Joseph ao Marie walitafuta jina la babu, wakaliongeza ao wakabadilisha lote. Majina ya kikristu yalirudi waziwazi baada ya hotuba ya Mobutu ya 24/4/1990, aliporuhusu vyama vingi.

Matokeo yake yako nyumbani kwetu. Mtu aliyebatizwa 1965 kama Josephus, akaitwa kwa jina la babu mu shule na kwenye kipande cha 1975, akaandikwa tena kwa jina lingine kwa HCR mwaka 1997, ni mtu mmoja. Lakini kartasi zake zinaonyesha watu watatu. Mstari wa kitabu cha batizo njo unaowaunganisha, juu majina ya baba na mama hayabadiliki. Kama kuna kitu kimoja tunaomba wanachama wakariri kwa moyo, ni jina la baba na la mama kama lilivyokuwa siku ile, na jina la msimamizi. Mwaka unaweza kukisia, sekretere atafungua kurasa za mbele na za nyuma. Jina la mama huwezi kukisia.

Vita ilipoanza, vitabu navyo vilikimbia, ao vilibaki vikaungua. Mwezi wa 3 mwaka 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, teritwari ya Walikale, yakapanda mpaka Masisi yote. Watu wa kila upande walikufa na wa kila upande walikimbia. Mwaka 1994 wakaingia wakimbizi kutoka Rwanda. Mwezi wa 5 mwaka 1996 monasteri ya Mokoto, iliyoanzishwa 1954 na wamonaki kutoka Scourmont kule Ubelgiji, ilishambuliwa. Watutsi waliokimbilia mule waliuawa, wamonaki wenyewe wakaondoka, nyumba ikaporwa. Kisha vita ya 1996, ya 1998, miaka ya CNDP, M23 ya 2012, Kitchanga iliyoungua mwanzoni mwa 2013, na M23 tena tangu mwisho wa 2021. Kila mara parokia ilifungwa ao ilijaa watu waliolala mpaka kwenye altari. Katika hali kama ile, nani atakumbuka kubeba kitabu kikubwa cha jalada gumu? Walikuwako waliokumbuka. Kuna katekista, hatutamtaja jina, aliyeficha vitabu viwili kwa majani ya nyumba ya mkwe wake, na leo watu wa vijiji vyote vya pale wanapata vyeti juu ya majani yale.

Na kama kitabu kimeungua kweli? Hapa tunaomba usomwe polepole, juu kuna mlango ambao wengi hawaujui.

Sheria ya Kanisa ya zamani, ile ya 1917, kanuni ya 470, ilimwamuru kila paroko mwishoni mwa mwaka atume nakala ya vitabu vyake kwa ofisi ya askofu. Sheria ya 1983 haikurudilia amri ile kwa namna hiyo. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa zamani, kabla ya 1983, ana sababu ya kuuliza kwa askofu pia, asiishie kwa parokia. Na ofisi gani? Jimbo la Goma lilianzishwa 1959, na askofu wake wa kwanza mzalendo alikuwa Monsinyori Joseph Busimba, tangu 1960. Kabla ya pale, tangu 1929, waKatoliki wetu walikuwa chini ya vikariati ya Kivu, ambayo leo ni jimbo kuu la Bukavu. Muzee wa batizo ya 1950 auulizie Goma, na pia Bukavu. Hatusemi kila paroko alituma nakala kila mwaka. Mapadri nao ni watu, na barabara za Masisi mnazijua. Tena Goma yenyewe iliungua: 17/1/2002 Nyiragongo ilitema moto, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likamezwa na mawe. Lakini kuuliza ni barua moja.

Mlango wa pili ni kanuni ya 876. Inasema batizo inaweza kuthibitishwa na shahidi mmoja anayeaminika, kama hakuna mtu anayeumizwa na jambo lile. Na aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe. Shahidi mmoja! Msimamizi akiwa hai, ao mama, ao katekista, anasimama mbele ya paroko, anasema nilikuwako, na paroko anaandika. Njo maana tunawahimiza wanachama wawapeleke wazee hawa mapema, juu shahidi akifa, mlango ule unafungwa. Mwaka huu tumezika wawili waliokuwa mashahidi wa watu zaidi ya kumi.

Wale waliobatizwa kambini wasihangaike kupanda Masisi. Watoto wa Kiziba, iliyofunguliwa 1996 juu ya ziwa upande wa Rwanda, kitabu chao kinatafutwa kwa jimbo la Nyundo. Wa Gihembe ni Byumba, hata kama kambi ile ilifungwa 2021 na watu wakapelekwa Mahama. Wa Nakivale waanzie Mbarara. Kambi inafungwa, mahema yanang'olewa, lakini kitabu ni cha parokia na parokia haihami. Hapo wakimbizi wetu wana bahati ambayo waliobaki nyumbani mara nyingi hawana.

Wandugu Waprotestanti wametuuliza: na sisi? Kwa Wabatisti wa CBCA, ambao wengi tunawafahamu kwa kanisa na hospitali ya Pinga, na kwa makanisa ya Kipentekoste ya Walikale, mtu anazamishwa majini akiwa amekwisha kuelewa na kukiri mwenyewe. Kadi ya batizo yao haiko karibu na siku ya kuzaliwa. Inaonyesha ulikuwa mshirika wa kanisa gani na mwaka gani, na hilo si dogo. Lakini kwa umri wa mtoto, haisaidii sana. Ndugu zetu Waislamu na wale wasiobatizwa wanabaki na njia ya serkali tu, na chama kinawalipia nauli ya njia ile sawa na wengine.

Njia ya serkali ni ipi? Kodi ya familia ya 1/8/1987, iliyorekebishwa 15/7/2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwa ofisi ya etasivili. Ukipitisha siku zile, inabidi hukumu ya tribinali, ile watu wanaiita supletifu. Mama aliyezaa porini kati ya Nyabiondo na Pinga, anakimbia na mtoto mgongoni, siku 90 zinamkuta wapi? Huko kwetu watoto wa supletifu ni wengi kuliko wa siku 90. Mbele ya jaji mtu anahitaji mashahidi na alama zozote, na cheti cha batizo, ingawa si cheti cha kuzaliwa, ni alama iliyoandikwa zamani, na mtu asiyekujua, bila kujua kwamba siku moja utaihitaji. Kwa maoni yetu nguvu yake yote iko pale.

Tena kuna jambo la kadi. Tangu 2005 watu wa Kongo wanatembea na kadi ya mpiga kura kama kipande, juu vipande vya kweli vilikuwa vimekwisha kukosekana. Lakini kwa uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura juu ya vita. Kijana wetu aliyetimiza miaka 18 wakati ule, na aliyerudi bila kitu, hana kadi. Anaposimamishwa kwa bariere, ataonyesha nini? Mfadhili mmoja alituambia kartasi hailiwi. Ni kweli. Ila asiye na kartasi anashindwa kufika sokoni kuuza ile ya kula.

Kuna habari ya mwisho ambayo ni nzito, na tumebishana sana kamatini kama tuiandike. Tumeamua kuiandika.

Cheti cha batizo kimeingizwa katika ugomvi wa nani ni mwenyeji. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walileta familia kutoka Rwanda kuja kukaa Gishari na kwingineko Masisi, mpango ule uliitwa MIB. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1/1/1950. Sheria ya 29/6/1981 ikawanyang'anya, ikarudisha hesabu nyuma mpaka 1885. Ile ya 12/11/2004 ikaweka mwaka wa uhuru, 1960. Kila sheria ilipobadilika, watu walikimbilia vitabu vya parokia: huyu anatafuta kuonyesha kwamba babu yake alibatizwa Masisi, yule anatafuta kuonyesha kwamba babu wa jirani alibatizwa Nyundo. Kitabu kile kile.

Msimamo wetu, na chama chetu kina Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi na Watwa, ni huu: padri hakugawa uraia, wala hakugawa mashamba. Aliandika mtoto wa nani amebatizwa wapi. Mwanachama akiomba msaada wa kutafuta jina lake, la mtoto wake, ao la mzazi wake, tunamsaidia. Akiomba nauli ili aende kufungua jina la babu wa jirani yake, hatumpi, na tumekwisha kukataa mara mbili. Waliokasirika walikasirika.

Kwa sababu hiyo hiyo tunakataa vyeti vya kununua. Kuna watu wanaopita wakiuza kartasi zenye muhuri mzuri kuliko wa parokia. Cheti cha kweli kinataja mwaka na nambari ya mstari wake. Siku ya ndoa ao siku ya tribinali, mtu mmoja tu akiamua kuuliza parokia, nambari ile inakutwa ni ya mtu mwingine, ao haipo kabisa. Kutoka pale hata kartasi zako za kweli zinashukiwa.

Kwa wanaotaka kuanza sasa: mpeni mwandishi wa chama majina yote mliyowahi kuitwa, majina ya wazazi na ya msimamizi, parokia na kijani kile ao shirika lile la wakati ule, na mwaka hata wa kukadiria. Tunaweka maombi ya parokia moja pamoja, na mtu mmoja anasafiri na yote, badala ya watu ishirini kulipa pikipiki ishirini. Maombi ya Nyakariba na Matanda yanatangulia, juu barabara yake inapitika kwa sasa. Ya Walikale yanangoja mtu wa kuaminika anayeshuka kule. Wazee walio mashahidi wapitishwe mbele ya wote, hata kama mafaili yao yameingia mwisho.